Jina Nililolifuta Msimu wa Kifaransa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Nilipewa simu, kalamu ya risasi na orodha ya majina, nikaambiwa nikae jikoni mpaka meza ipatikane. Kituo cha utamaduni wa Kifaransa kilikuwa wakati huo kwenye nyumba ya kupanga hapa Maskati, mtaa wa Khuwair ya Kusini, yenye bustani nyuma, na jiko ndilo lililokuwa na kiyoyozi kizuri kuliko vyumba vyote. Mkurugenzi wa kwanza, mama wa makamo mwenye nywele fupi na sauti nzito, alisimama mlangoni akaniuliza kwa Kifaransa, "Unawajua watu wa mji huu?" Nikamjibu kwamba nawajua baadhi. "Basi anza na hao," akasema, akaondoka.

Vijana wanaoifanya kazi hii leo huniuliza Kifaransa changu nilikisomea Paris au wapi. Nilikisomea Bujumbura. Nilizaliwa huko, katika moja ya zile familia za Kiomani zilizokwenda bara kufanya biashara zikakaa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha mama yangu, ambaye alikuwa mtu wa Unguja, na shuleni Kifaransa. Tuliporudi Oman, lugha tuliyokuwa hatuijui vizuri ni Kiarabu. Aliyenifundisha Kifaransa ni Mwalimu Seif, Mwomani mwenzetu wa Bujumbura, ambaye naye alihamia Maskati akasomesha hapa mpaka alipostaafu. Ndiye aliyesikia kwamba kituo kinatafuta mtu. Alinipeleka kwa gari lake mwenyewe, akasubiri nje kwenye jua mpaka nikatoka na jibu. Kwa hiyo kazi ile, nikitaka kusema kweli, ni yeye aliyenipa.

Kazi yenyewe iliitwa uratibu wa hafla. Mwaka mzima tulikuwa na madarasa na maktaba, lakini uzito wote ulikuwa Machi na Aprili, msimu ambao Wafaransa wanauita majira ya machipuko. Maskati hakuna kinachochipua. Kwetu zile ni wiki za mwisho ambazo mtu anaweza kukaa nje alasiri bila kuloa jasho, na ndani ya wiki hizo tulitakiwa kuingiza filamu, muziki, siku ya watoto, meza za vyakula na hafla ya kufunga. Miaka yangu ya mwisho Ramadhani iliingia Machi, tukausogeza msimu mpaka baada ya Idi, na wanamuziki wakapiga huku mashati yamewaganda mgongoni.

Nieleze kidogo namna tulivyofanya. Jambo la kwanza ni pengo la Maghribi. Ratiba ikitoka Ulaya haina pengo hilo. Mratibu lazima alikate mwenyewe, nusu saa kamili, na awe ametandika mikeka upande wa kibla kabla wageni hawajafika. La pili ni fungu. Mwaliko ukisema watu wawili, familia ya Kiomani inaweza kuja watu saba, na si utovu wa adabu, ni kwamba bibi hawezi kuachwa nyumbani peke yake. Basi viti havipangwi kimojakimoja, vinapangwa kwa mafungu, na kati ya mafungu unaacha nafasi ya kuongeza. La tatu, na hili ndilo kubwa, ni kwamba watu wetu hawathibitishi. Unampigia mtu simu, anakwambia inshallah, na hilo ni jibu zuri la kiungwana, ila halikusaidii kuhesabu viti. Mratibu anahesabu kwa kujua nyumba za watu. Nani ana mtihani wa mtoto, nani ana mgonjwa, nani amefiwa na yumo kwenye azaa, yaani matanga. Mimi nilikuwa najua. Nilijisifu kwa hilo, tena kwa sauti, na wakurugenzi walinisifu pia.

Wakurugenzi walibadilika kila baada ya miaka minne au mitano. Wa kwanza alinifunza kuandika kila kitu. Wa pili alikuwa bwana mpole aliyependa samaki kuliko muziki. Wakati wake niliazimwa misimu miwili kwa kamati ya hafla za kufunga, zilizofanyika kwenye ukumbi wa hoteli upande wa Bustan, na huko nikajifunza itifaki, yaani utaratibu wa nani anakaa wapi na nani anasalimiwa mwanzo. Wa tatu na wa nne walipita bila kishindo. Kila mmoja alipofika, nilikaa naye siku mbili kumfundisha mji. Somo langu la kwanza lilikuwa lilelile: ukienda nyumbani kwa mtu, usikatae kahawa. Kunywa finjani moja, mbili, ukitosheka itikise finjani kidogo kabla ya kuirudisha, mwenye kumimina ataelewa. Walilishika somo hilo vizuri sana.

Mwalimu Seif alikuwa kwenye orodha yangu tangu msimu wa kwanza. Kila mwaka nilimpigia, kila mwaka akanishukuru, na kila mwaka kiti chake cha safu ya mbele kilibaki kitupu. Sababu naijua. Mkewe, Bi Thuweba, alipigwa na kiharusi, akalala miaka mingi, na alasiri zote Mwalimu alimlisha kwa mkono wake. Hakuna aliyeona vibaya. Kwetu, mtu uliyemkaribisha amekwisha karibishwa, haulizwi mbona hakuja.

Mkurugenzi wa tano alikuwa kijana, mchapakazi, mtu wa picha. Msimu wake wa pili ulipokaribia aliniita ofisini akanionyesha picha ya hafla ya ufunguzi ya mwaka uliotangulia, viti vinne mbele havina watu.

"Zuwena, hii picha imeshafika kwa wakubwa wangu," akasema. "Wao wanaona viti vitupu. Hawaioni inshallah."

Akaweka sheria: asiyefika misimu mitatu mfululizo anaondolewa, na mlangoni haingii mtu asiye na jina. Sheria haikuwa mbaya kwa mtu aliyetoka anakotoka yeye. Nilirudi mezani kwangu nikachukua kalamu nikapita jina kwa jina. Nilipofika kwa Mwalimu Seif nilisita, sitadanganya. Bi Thuweba alikuwa amefariki miezi minne kabla, na mimi mwenyewe nilikwenda azaa nyumbani kwao Bawshar siku zote tatu, nikakaa na Moza, binti yao. Nilijua kwamba alasiri za yule mzee sasa zilikuwa tupu. Nilijua kuliko mtu yeyote pale kituoni. Lakini nilitaka orodha yangu iwe safi, na nilitaka yule kijana aone kwamba mzee kama mimi naye anaweza kufuata utaratibu mpya. Nikapiga mstari. Sikumpigia simu, kwa sababu ningemwambia nini?

Hafla ya ufunguzi mwaka ule ilikwenda vizuri. Alikuja mwimbaji wa kike na mpiga akodiani, viti vilijaa, picha zikapendeza. Asubuhi yake nilipofika kazini, Wafula, mlinzi wetu Mkenya, alinifuata mpaka ndani, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Madam, jana kuna mzee alikuja," akasema. "Amevaa vizuri sana, kilemba, bakora, ananukia. Nikaangalia list, jina hakuna. Akasema alialikwa kitambo, tarehe ameona kwa gazeti. Nikajaribu kukupigia, hukushika."

Nilikuwa jukwaani wakati ule, natambulisha wageni.

"Ukamfanya nini?"

"Nilimpa kiti yangu na maji. Akakaa hapo nje kwa gate, akasikiza wimbo moja. Ikiisha akainuka, akaniambia asante sana, akaenda. Alisema ni Mwalimu Seif."

Niliingia jikoni nikafunga mlango. Nililia, kwa aibu zaidi kuliko huzuni. Mtu aliyenisubiri juani siku ya kuajiriwa kwangu nimemweka nje ya ukuta asikilize muziki kama mpita njia.

Mkurugenzi nilimweleza yote. Hakuwa mtu mbaya, rangi ilimtoka. "Twende tukamwombe radhi," akasema, "leo hii." Nikamwambia kuomba radhi hakutoshi, tutamwomba pia aje kwenye hafla ya kufunga, Alhamisi ya mwisho wa msimu, na tutamweka mahali pake. Hilo ndilo nililolitaka. Msamaha najua angetoa, ni mtu wa kutoa. Nilitaka aje.

Tukaenda Bawshar baada ya Alasiri. Njiani nilikuwa nikifikiria maneno ya kusema, na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Kwetu mtu anayekwenda kwa mtu na haja nzito hanywi kahawa. Anaipokea, anaiweka mbele yake, anaiacha. Mwenyeji akiiona hivyo anajua kuna jambo, anauliza, na kahawa hainywewi mpaka haja ikubaliwe. Ni aibu kwa mwenyeji mgeni kuondoka na finjani yake imejaa. Nilimfundisha yule kijana asikatae kahawa. Kwamba kuna siku haiguswi, hilo nilisahau kumwambia.

Mwalimu alitupokea kwa uso mkunjufu, amekonda, amevaa kanzu ya nyumbani. Moza akaleta tende, halwa na birika la kahawa. Mimi nikaiweka finjani yangu chini. Mkurugenzi wangu akanywa moja, akanywa ya pili, akaitikisa vizuri kabisa, akamrudishia Moza huku akitabasamu kama mwanafunzi aliyefaulu. Mwalimu akazungumza naye Kifaransa kidogo, kile Kifaransa chake cha taratibu, akamuuliza habari za mpiga akodiani. Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili:

"Zuwena, kahawa yako inapoa."

"Nna haja, Mwalimu."

"Na mwenzako?"

"Mwenzangu nimemfundisha vibaya."

Akacheka. Moza naye akacheka, na kijana wa watu akacheka pia bila kujua anachekwa yeye.

"Haya, basi mwenye haja ni wewe peke yako. Sema."

"Jina lako nimelifuta mimi. Si yeye, wala si mlinzi. Nimekuja kukuomba unisamehe. Na Alhamisi ya mwisho wa msimu nakuomba uje Bustan kwenye hafla ya kufunga. Nitakuja kukuchukua mwenyewe kwa gari."

"La kufuta nimekusamehe tangu jana nilipofika hapa nyumbani. Na yule wa mlangoni msimsemeshe, kanipa kiti chake." Akaisogeza halwa upande wangu. "Kuja, siji."

"Una hasira, Mwalimu?"

"Sina, mwanangu. Tangu kufa mama yenu sijatoka ila kwenda msikitini. Jana nimeanza kujitayarisha asubuhi. Moza kanipigia pasi kanzu, nimefukiza udi, nimekaa pale kwenye kochi nangoja saa ifike kama bwana harusi. Nikasema leo nikakae na watu, nisikie lugha yangu. Nimefika, nimerudi. Ile nguvu niliyotokea nayo imekwisha. Sijui kama ntaipata tena."

Mkurugenzi aliniuliza kwa sauti ya chini mzee amesema nini. Nikamwambia ngoja.

Finjani ilikuwa bado mbele yangu, na kila mtu chumbani isipokuwa Mfaransa alijua maana yake. Ningeiacha pale, Mwalimu angekubali. Namjua. Asingestahimili mwanafunzi wake atoke nyumbani kwake hajanywa. Alhamisi angevaa, angekaa safu ya mbele, angepiga makofi, na moyoni angekuwa anahesabu dakika za kurudi kwake. Angekuja kwa ajili yangu, na mimi ningepata picha nzuri.

Nikaichukua, nikanywa. Ilikuwa imeshapoa kabisa.

"Ahsante," akasema Mwalimu, na Moza akageukia upande wa dirisha.

Ndani ya gari nilimweleza mkurugenzi yote, na habari ya kahawa pia. Msimu uliofuata aliondoa mwenyewe ile sheria ya misimu mitatu, na hafla ya ufunguzi tukaifanya bila orodha mlangoni. Watu wakaja wengi kuliko viti. Wengine walikaa kwenye mikeka ya sala, na picha zilitoka vilevile. Wafula alisimama getini akiwakaribisha watu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, amefurahi kupita sisi sote.

Nimestaafu baada ya miaka ishirini na minane. Mkurugenzi wa sita aliniaga kwa keki na hotuba fupi, na nafasi yangu ameishika msichana hodari anayetuma mialiko kwa simu, mtu anabonyeza nakuja au siji, na hesabu inajitokeza yenyewe. Sina ugomvi na utaratibu huo. Wa kwetu wa kalamu ya risasi nao ulikuwa na makosa yake, na kubwa kuliko yote nililifanya mimi, niliyekuwa nazijua nyumba zote. Wakiniuliza kama naikumbuka kazi, nasema naikumbuka. Nakumbuka hata uzito wa vile viti vya chuma.

Lakini kuna kitu ambacho siwezi kukirekebisha, na nakisema waziwazi kwa kuwa wanaokuja nyuma yangu watakutana nacho. Mtu aliyefiwa hujikusanya kutoka nje mara moja. Akifika mlangoni akarudishwa, hata akikusamehe, ile mara yake umeitumia wewe.

Mwaka ule tulipofungua mlango bila orodha, nilimpigia Mwalimu Seif asubuhi ya ufunguzi, nikamweleza kwamba hakuna tena jina la kutafutwa getini, anayetaka aingie. Alifurahi, nilisikia katika sauti yake.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema, "kwa hao watakaokuja."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikatoka bustanini kupanga viti.