Shemeji Yangu Hagusi Bawa la Ndege, Lakini Fomu Inasainiwa

Admin, jina langu lisionekane, na wewe msomaji ukinitambua naomba unyamaze. Mimi ni mwanaume wa miaka 33, Mtanzania wa Morogoro, naishi Ilford kwa dada yangu na mume wake. Shemeji ndiye aliyenipokea London, na ndiye aliyenitafutia kazi tunayofanya wote: kuondoa theluji na barafu kwenye ndege kabla hazijaruka. Yeye ni kiongozi wa zamu yetu.

Wengi hamjui, hata mimi sikujua, kwamba barafu nyembamba tu juu ya bawa inaweza kuangusha ndege. Hewa haipiti inavyotakiwa, ndege inashindwa kunyanyuka. Mbaya zaidi ni ile barafu angavu kama kioo, macho hayaioni. Kwa hiyo tukishapulizia dawa ya kuyeyusha barafu, mtu lazima apande ngazi, apapase bawa kwa mkono, halafu asaini fomu. Kwenye zamu yetu hiyo ni kazi ya shemeji.

Januari hii, asubuhi moja theluji ikianguka, nilikuwa juu kwenye kikapu cha gari la kupulizia dawa, napulizia. Nilipomaliza shemeji akasema bawa liko safi, ndege ikaondoka. Niliposhuka nikaona glavu zake kavu kabisa. Dawa ile inanata kama uji, aliyepapasa hawezi kutoka na glavu kavu. Nilimuuliza kama natania, akasema amebadilisha. Siku nzima nilifuatilia ndege ile kwenye simu mpaka ilipotua salama.

Tangu hapo nikawa namchunguza. Nikagundua kila tukimaliza kupulizia ananituma nikalete kitu, nikirudi fomu imeshasainiwa. Nikawaza mengi, hata kwamba labda anakunywa. Nikimgusia dada anabadilisha mazungumzo, nikaanza kumshuku na yeye.

Wiki mbili baadaye nilikataa kutumwa. Nikamwona kwa macho yangu anapita chini ya bawa, anaegemea gari, anasaini. Nikachukua ngazi nikapanda mwenyewe. Karibu na pale bawa linapoungana na mwili wa ndege, mkono wangu uliteleza juu ya barafu ngumu, pana kama sinia. Abiria walikuwa wameshakaa, niliona watoto dirishani. Nikasema kwenye redio ya upepo kwamba ndege isiondoke, tukapulizia upya. Baadaye shemeji akawaambia wakubwa kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Wakampongeza nikiwa nimesimama palepale.

Kwenye treni ya kurudi hakunitazama. Alisema taratibu, "Shemeji, unalala kwangu. Usinichunguze kama mwizi."

Dada, ambaye ana mimba ya miezi saba, alinifuata jikoni siku hiyohiyo. Akaniambia mumewe aliteguka bega kazini tangu Oktoba na hawezi kunyanyua mkono wa kulia, sembuse kupanda ngazi. Ameficha kwa sababu wakijua watamwondoa, na kibali chao cha kuishi nchi hii kinategemea kazi hiyo.

"Mvumilie mpaka nijifungue," aliniomba. "Si mtu mbaya, anaogopa tu."

Nilimhurumia, nisiwadanganye. Lakini kesho yake nikafungua faili la fomu za zamu yetu, nikatafuta ile ya asubuhi ya glavu kavu. Penye jina la aliyekagua bawa kwa mkono limeandikwa jina langu. Saini si yangu. Nikapekua nyingine, nikakuta nne za namna hiyo.

Sasa sijui nimwamini nani. Kuogopa naelewa, ila mtu anayeogopa tu anaandikaje jina la mwenzake? Au alikuwa ananiandaa, ndege ikianguka nifungwe mimi? Na dada analijua hili? Nimeshindwa kumuuliza, naogopa jibu.

Nimemwambia shemeji kuanzia sasa nitapapasa mabawa yote mimi. Alikubali upesi mno, hata hakuuliza kwa nini. Nikiwa mapumziko je, nani anapanda? Jumatatu yuko zamu bila mimi, na utabiri unasema theluji.

Nikienda kwa wakubwa, namfukuzisha dada yangu nchini akiwa na tumbo. Nikinyamaza, kuna watu watafunga mikanda Jumatatu wakiamini bawa limekaguliwa, na huenda karatasi ikasema nimelikagua mimi, ingawa sitakuwepo. Ndugu zangu, mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Nijibuni kabla ya Jumatatu.