Kifaa Changu Kilisema Maziwa ni Salama

Kosa ni langu, si la karanga za Mama Upendo! Nalisema hapa kwa sababu mbele ya shangazi mdomo umegoma.

Nasoma chuo Iringa. Nimetengeneza kifaa cha kupima kama maziwa yana mabaki ya dawa ya ng'ombe. Ncha yake imepakwa nyuzi za kaboni, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Dawa ikiwepo, namba inapanda. Kwenye maji safi ya maabara kilifanya kazi, jamani, nikavimba kichwa!

Kwenye maziwa ni mambo mengine. Protini zinaganda juu ya zile nyuzi, zinafanya utando kama wa maziwa yaliyopoa. Vikombe vya mwanzo kinasoma. Ukiendelea na ncha ileile kinakuwa kipofu, namba haipandi, unadhani dawa hakuna. Nililiona hilo maabara. Nikajisemea nitarekebisha baadaye, maonyesho ya chuo yamekaribia.

Likizo nikaenda nacho Ubaruku kwa shangazi, maana kwetu ni wafugaji. Nilitaka sifa tu! Nikapima maziwa ya ng'ombe wote mfululizo, ncha ileile, majirani wamejaa uani. Ng'ombe wa mwisho alikuwa yule aliyetoka kuchomwa sindano ya penisilini.

"Salama!" nikatangaza.

Maziwa ambayo shangazi angeyamwaga, akampa mjukuu wake. Na mtoto yule na penisilini hawapatani, ukoo mzima tunajua.

Alivimba uso, pumzi ikabana. Hospitali wakamwokoa, Mungu mkubwa. Watu walipouliza kala nini, ikasemekana Mama Upendo, jirani, alimpa karanga asubuhi ile.

"Maziwa hapana," shangazi akasema. "Mwanangu wa chuo aliyapima mbele yenu."

Nilikuwepo. Nikaangalia viatu vyangu.

Sasa Mama Upendo hasalimiwi bombani. Wanamwita mchawi! Nikisema, namvua nguo shangazi yangu mbele ya kijiji. Nikinyamaza, mama wa watu anahama kwa dhambi yangu.

Jana shangazi kapiga simu. "Baba, njoo na kile kifaa chako upime karanga zake, tumkomeshe."

Karanga! Kifaa chenyewe hakijui hata karanga ni nini!

Wenzangu mnaotengeneza vitu vya kuaminiwa na watu, mkiona kasoro semeni siku hiyohiyo. Msingoje maonyesho. Mimi kesho napanda basi la Ubaruku, kifaa kiko kwenye begi, na sijui nikifika nitafungua begi au mdomo.