Inchi Tatu za Mkono wa Golikipa

Mpaka leo nikisikia wanaume wamekaa barazani wanapanga timu ambayo wao wenyewe hawataichezea, damu inanichemka. Wajukuu wangu wananicheka, wanasema bibi hapendi mpira. Nani kasema? Mpira naupenda sana. Ninachokichukia ni domo la barazani. Sababu ninayo, na sijawahi kumweleza mtu.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wakiwa wameshahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Mimi, kaka yangu na mama tulikuwa tumevuka kutoka Burundi mwaka ule wa mauaji. Baba alibaki kule, na nikisema alibaki naomba mnielewe. Tulipokelewa Makere, tukapewa shamba, tukalima muhogo na maharage kama kila mtu. Lugha haikutupa shida, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Kilichotuchosha ni lile neno wakimbizi. Mtu anakutamkia huku anacheka, ukinuna anakuuliza mbona huwezi utani.

Nikaenda Kasulu mjini kujifunza kushona kwa fundi mmoja, mzee wa Kiha mwenye cherehani mbili na roho nzuri. Nilianza na vifungo na mapindo. Baada ya mwaka akaniachia mkasi nikate vitambaa vya wateja, na wateja wakanung'unika, na yeye hakuwajali.

Kaka alikuwa saidia fundi kwenye ujenzi wa shule mpya. Kazi yake ilikuwa kusimama juu ya jukwaa la miti. Mwenzake yuko chini anamrushia tofali la kuchoma, yeye analidaka analipanga, analidaka analipanga, kutwa nzima. Mtu aliyezoea kudaka tofali kwa mikono mitupu, mpira wa ngozi atauogopea nini? Jumapili baada ya kanisa alisimama golini na hakuna aliyemfunga kirahisi. Na mikono aliyokuwa nayo! Mashati yake nilikuwa namshonea mwenyewe kwa sababu yale ya dukani yalimwishia juu ya kifundo cha mkono. Kutoka begani hadi kifundoni, inchi ishirini na saba. Kipimo kile nilikijua kama ninavyolijua jina langu.

Basi ikatangazwa kwamba timu ya mkoa mmoja wa Burundi inakuja kwa ajili ya ujirani mwema. Mechi ya kwanza Kasulu, ya pili Kibondo, na wilaya hizi mbili zitoe kombaini moja. Mji mzima ulipata homa. Kaka alikuja dukani siku hiyo na vumbi la tofali kwenye nywele, akakaa kwenye kigoda changu, akasema kwa sauti ya chini, "Mushikanje, nataka nisimame golini siku hiyo. Wanione niko hai."

Mushikanje ndiyo dada yangu, kwa lugha ya nyumbani. Na mimi tangu saa hiyo sikuwa na hamu nyingine duniani isipokuwa kaka yangu asimame golini.

Sasa mjue jinsi timu ilivyochaguliwa. Mwaka uliotangulia afisa utamaduni alibandika orodha ya wachezaji wiki nzima kabla ya mashindano, na mashabiki wakamfuata ofisini, wakamfuata nyumbani, wakamfuata mpaka kanisani, hadi akaibadilisha mara tatu. Safari hii akaja na ujanja wake. Aliwaita vijana thelathini uwanjani, akawapima wote kwa futi, kifua, urefu na mkono, kisha akampelekea fundi wangu karatasi yenye namba za jezi na vipimo tu. Jina hata moja halikuwemo. Majina yangesomwa uwanjani asubuhi ya mechi, na jezi zikabidhiwe palepale. Alimwomba fundi karatasi ile isionwe na mtu, na fundi akaifungia kwenye kasha la nyuzi.

Mimi ndiye niliyekata vitambaa. Kijani kwa wachezaji wa ndani, njano kwa golikipa. Nilipofika namba moja nikasoma: kifua thelathini na sita, mkono ishirini na saba. Nikaweka mkasi chini. Nikasoma tena kwa kidole. Fundi aliniona, akatabasamu, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Mimi nilishona jezi ile kwa mishono miwili kila mahali, isije ikafumuka.

Na hapo ndipo wenye baraza lao wanapoingia. Kila siku saa kumi walikuwa wameshafika kwenye baraza la duka letu: mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani, dereva wa lori la ushirika, na mnunuzi wa maharage kutoka Heru Juu. Hawakuwa na nguo ya kushona hata moja. Walikuja kubishana. Jezi zilipoanza kutundikwa ukutani wakagundua kwamba timu inaweza kusomeka. Mwalimu alinyoosha mkono akapima kifua cha namba tano kwa shubiri, akasema huyu ni yule beki wa Heru Juu, hakuna mwingine mwenye kifua cha ng'ombe vile. Wa Heru Juu akafurahi kama amechaguliwa yeye. Dereva akaikamata namba kumi na moja, akaona ni ndogo, akalalamika kwamba wamemweka yule mfupi wa Kitanga, na yule mfupi mguu wa kushoto anautumia kupandia baiskeli tu. Mwalimu akamtetea mfupi. Dereva akamuuliza kama anapanga timu au anapanga watoto kwenye mstari wa uji. Walibishana mpaka mate yakawaruka, na nakiri mwanzoni nilikuwa nacheka nao kimoyomoyo.

Jezi ya njano fundi hakuitundika. Aliikunja akaiweka chini ya mto wa kiti chake. Kwa hiyo siku ya nne ubishi wote ukageukia golini.

Waliokuwa wakitajwa ni wawili: kaka yangu, na karani mmoja wa boma, kijana nadhifu aliyecheza mpira mjini kabla ya kuletwa huku. Sisemi karani alikuwa mbovu. Alikuwa mzuri. Lakini wangebishana basi kuhusu kudaka! Wangesema huyu anaruka hivi, yule anatoka golini vile, ningenyamaza. Hawakusema hayo. Mwalimu alisema, kwa ile sauti yake ya kufundishia, kwamba mkimbizi hawezi kuwekwa golini siku ya kucheza na Burundi, kwa sababu atauachia mpira upite kwapani kwa ndugu zake. Dereva akaongeza kwamba mgeni ni mgeni tu, umpe shamba, umpe kadi ya chama, moyo wake uko kwao. Yule wa Heru Juu, ambaye mama yake na mama yetu walikuwa wakisuka mikeka pamoja, akatikisa kichwa kukubali.

Ndugu zake! Watu waliotuachia mama akiwa mjane njiani, eti ndugu zake. Na walikuwa wakiyasema hayo hatua tatu kutoka kwenye kigoda changu, wakijua mimi ni nani. Mwalimu hata aliniomba nimpishe mwanga kidogo.

Fundi alinitazama kwa jicho la kunikanya. Nililiona jicho lile. Mpaka leo naliona. Lakini nilikuwa nimeshapandwa na hasira, mpaka nikajichoma sindano. Nikasimama.

"Mwalimu, wewe si wa hesabu?" nikamwambia. "Basi piga hii. Jezi ya njano ina mkono wa inchi ishirini na saba. Nenda kapime Kasulu nzima, uniletee golikipa mwingine mwenye mkono huo."

Maneno yale yalikuwa matamu kinywani mwangu kama asali. Dereva aliangalia viatu vyake. Nikakaa nikaendelea kushona, nikasonya kwa nguvu ili wasikie. Waliondoka mapema siku hiyo, bila hata kuaga vizuri, na mimi nikajiona nimewashinda.

Fundi alisimamisha cherehani yake. Akasema, "Mwanangu, walikuwa hawajui. Sasa wanajua, na mechi bado siku tatu."

Jamani, mimi nilikuwa na akili gani? Ujanja wote wa yule afisa, kupima watu thelathini kwenye jua, kuandika namba bila majina, ulikuwa kwa ajili ya kuwaziba midomo watu walewale. Na mimi nikawapa. Nikawapa kwa hasira, bila kuombwa, nikaona nimefanya kazi.

Kesho yake saa mbili asubuhi walikuwa boma. Si watatu tena. Walikuwa wamewachukua na wengine, wakadai mkutano, wakazungumzia usalama, wakazungumzia heshima ya taifa, maneno makubwa ya kufunikia jambo dogo. Hayo nilisimuliwa na tarishi aliyekuja mchana na karatasi mkononi. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja. Jezi namba moja, mkono uwe ishirini na nne badala ya ishirini na saba.

Basi. Hawakuandika mkimbizi, hawakuandika hatumwamini. Kifua kile kile, urefu ule ule. Inchi tatu tu.

Fundi alitaka kuifanya kazi ile mwenyewe. Nilikataa. Niliichukua jezi, nikafumua mapindo kwa kiwembe, ile mishono yangu miwili miwili inayogoma kutoka. Nikapima, nikapiga mstari wa chaki, nikakata. Vilibaki vipande viwili vya kitambaa cha njano mapajani mwangu. Nikafungua pasi ya mkaa, nikavitia ndani pamoja na karatasi ya kwanza na ya pili, nikapuliza. Harufu ya pamba inayoungua ilijaa chumba, na fundi akafungua dirisha.

Asubuhi ya mechi kaka alifika kutoka Makere, ametembea kwa miguu usiku kucha. Viatu vyake vya mpira alikuwa amevipaka mafuta ya mawese vikang'aa, amevifunga kwa kamba shingoni. Nilisimama naye kwenye kamba ya uwanja. Afisa alisoma majina bila kuinua uso. Namba moja akasoma jina la karani. Akasoma wote, akasoma na wa akiba, akakunja karatasi. Kaka alingoja kidogo, kama mtu anayedhani kuna ukurasa wa pili.

"Hata akiba, mushikanje?" akaniuliza.

Ningeweza kusema saa ile. Mdomo uliokuwa mwepesi mbele ya mwalimu ukawa mzito mbele ya ndugu yangu. Nikamwambia wamezoea kupendeleana hao.

Timu yetu ilishinda mbili kwa moja. Karani aliokoa penalti na watu wakambeba juu juu. Kaka alikuwa nyuma ya goli, na penalti ile ilipookolewa alipiga makofi, kwa moyo kabisa, maana yeye ndivyo alivyo. Mimi nilitamani mpira ule uingie, uchane na nyavu. Nilitamani tufungwe kumi. Siombi msamaha kwa hilo. Ya Kibondo sikwenda, na matokeo yake sikuuliza.

Wale watatu walirudi barazani baada ya wiki, wakakaa mahali pao, wakaanza kupanga timu ya mwaka ujao. Mwalimu aliniambia, tena kwa upole, kwamba bila mimi taifa lingeaibika. Nilichukua mkasi, nikamwangalia mpaka akahamisha kiti.

Kaka sasa ni mzee, ni raia, ana wajukuu, na vidole vyake havikunjiki kwa sababu ya tofali zile. Krismasi iliyopita wajukuu walimuuliza kama kweli alikuwa golikipa. Akawaambia alikuwa golikipa wa kijijini tu. Wakamuuliza kama aliwahi kuchaguliwa kombaini. Akacheka, akasema, "Mimi? Hata kufikiriwa sikuwahi kufikiriwa. Labda sikuwa mzuri kama nilivyodhani."

Nilikuwa nimekaa karibu yake, nachambua maharage. Alichaguliwa. Aliandikwa kwa wino, namba moja, mkono ishirini na saba, na jezi yake niliishona kwa mikono hii. Kwa siku nne ilikuwa yake. Waliojua, wa barazani na wa boma, hakuna aliyemwambia, na sasa wote wameshazikwa, fundi pia. Karatasi niliichoma mwenyewe. Nikimwambia leo, lazima nimwambie na jinsi ilivyopotea, na nani aliipoteza.

Nikainamia ungo wangu, nikaendelea kuchambua.