Pepo Asiyependa Kengele

Nilipokuwa mtoto pale Msambweni, hakukutokea jambo nisiwepo. Siku hizi watu wakisimulia kisa cha Siti wanachanganya. Huyu anasema alipaa juu ya mabati, yule anasema alipotea akaokotwa Shimoni. Waongo watupu. Niliyekuwapo ni mimi, mstari wa mbele, tangu mwanzo hadi mwisho, na ninayaandika haya kwa mkono huu huu ulioachana na shule darasa la sita.

Siti alikuwa binti wa shangazi yangu Riziki, na darasani tulikaa dawati moja. Sikukaa naye kwa ajili ya ukoo. Nilikaa naye kwa ajili ya hesabu. Mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni, Siti ameshapata jibu, nami nimeshalinakili. Tulikuwa darasa la tano, naye alikuwa akiwafanyia hesabu wanafunzi wa darasa la saba, wakimpa mabuyu. Chuoni, kwenye Kurani, sura akisomewa mara mbili haisahau tena. Kwa kumnakili yeye, mimi nilikuwa mtu wa tatu darasani, na nyumbani nilitembea nimetoa kifua kama jogoo.

Lakini kengele! Kengele ya shule yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa nje ya dirisha letu, ikigongwa kwa nondo. Ikilia, sisi tulishangilia. Siti aliingia chini ya dawati, mikono masikioni, akapiga ukelele kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Sare ikitiwa wanga, ataivua hata mbele za watu. Chaki ikikwaruza, anatapika. Na mwaka ule ndio wa mvua za El Nino, mvua ikipiga mabati kama kokoto kutwa nzima. Siti akawa anajigonga kichwa ukutani mpaka damu ikatoka. Niliiona mimi, ilinirukia kwenye daftari.

Kwetu hapakuwa na haja ya kuulizana. Mtoto ana pepo, na wako pepo wasiopenda chuma. Nyanya alikuwa akitukanya tangu tukiwa wadogo: "Msigonge sufuria jua likishatua. Chuma kikilia, kuna wanaoamka." Basi ringi ya lori ilikuwa imemwamsha mtu.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Kilonzo, alikuwa mtu wa bara, hayo hakuyajua. Akamwita shangazi ofisini. Nami nikajipa kazi ya kuokota takataka chini ya dirisha la ofisi.

"Mama, huyu mtoto yako ana akili sana, hiyo sikatai," akasema mwalimu. "Lakini hiyo makelele inasumbua wengine. Kaa na yeye nyumbani mpaka apone."

"Apone kwa dawa gani, mwalimu wangu? Hospitali wamemtazama masikio, wamesema mazima."

"Hiyo mimi sijui. Mpaka apone."

Shangazi alitoka ameuma pindo la leso. Siti alikuwa akingoja nje. Hakulia. Aliuliza tu, "Sasa nitasoma wapi?" Jibu kila mtu alikuwa nalo. Msichana akitolewa shule kwetu wakati ule, hakurudi. Anaingia jikoni, na kutoka jikoni anaozwa. Nami nilihesabu hasara yangu pia: mtu wa tatu alikuwa yuaelekea mkiani.

Basi Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, ikaitishwa ngoma ya kupunga pepo uani kwa shangazi. Mganga alikuwa Bi Mishi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Wasiojua mila zetu hudhani pepo hufukuzwa. La. Pepo ni mgeni, na mwenye pepo huitwa kiti chake. Mgeni huulizwa jina, huulizwa anataka nini, na akishataja masharti yake, watu wote wanaoishi na kiti wanaapa kuyatimiza. Mkiyavunja, shauri yenu.

Sasa tazama akili zetu. Mtoto anaumwa na kelele, sisi tukamwitia mpiga ngoma! Ami Suleimani alikuja na ngoma kubwa, na pembeni yake mwanamke mmoja akishika upatu wa shaba. Siti akafunikwa shuka nyeupe, ubani ukafukizwa, wakaanza. Mtoto akajikunja. Akalia. Akagaagaa mchangani, na wanawake wakapiga vigelegele, "Amepanda! Amepanda!" Kadiri alivyolia ndivyo walivyozidisha, kwa furaha kwamba dawa inafanya kazi. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Ghafla shuka ikaruka. Siti alimvamia Ami Suleimani, akamng'ata kwenye kifundo cha mkono, akang'ang'ania. Jitu zima lile likatupa ngoma.

"Yallah! Ananila! Mtoto ananila!"

Hakuna aliyecheka. Upatu ukanyamaza. Mikono yote ikabaki hewani. Bi Mishi ndiye aliyepiga magoti polepole.

"Hodi, mgeni. Wewe ni nani?"

Hapo ndipo kutoka kifua kile chembamba kama ungo ikatoka sauti nzito ya kiume, ya mzee wa makamo: "Mimi natoka kisiwani Funzi. Acheni kupiga. Chuma kinaniuma masikio, kinaingia mpaka kwenye meno. Sitaki kelele. Nataka nguo laini. Niacheni nisome."

Nywele zilinisimama. Shangazi akaanguka kifudifudi akiapa, "Utapewa, bwana wangu, utapewa yote." Siti akalala pale pale mchangani, kama taa iliyozimwa.

Jumatatu tukaenda shuleni: shangazi na buibui lake, Bi Mishi na kilemba chekundu, Siti katikati, na mimi mbeba marashi. Bi Mishi alikaa kwenye kiti cha ofisi bila kukaribishwa, akataja masharti. Ringi ihamishwe mbali. Mtoto akae pembeni, karibu na dirisha. Atolewe nje kabla kengele haijalia. Asivae wanga. Mvua ikinyesha, akasomee kwenye banda la makuti.

"Mama," akasema Mwalimu Kilonzo, "mimi ni mkristo. Haya maneno ya majini mimi siamini."

"Hatukuja kukuuliza dini yako, baba. Tumekuja kukupa masharti."

"Na nikikataa?"

Bi Mishi akashusha pumzi. "Ukikataa, huyu bwana atatafuta kiti kingine. Nawe ndiye unayemiliki ringi."

Nilimtazama yule mwalimu. Mtu wa vyeti, mwenye Biblia mezani, mke na watoto wake wako mbali Machakos, analala peke yake kwenye nyumba ya shule. Akamtazama Siti. Akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ndiye wa ile sauti?"

"Ndiye," nikajibu mimi, kabla ya wakubwa.

Wallahi, kabla ya saa nne ringi ilikuwa imehamishiwa kule mwisho kwenye mikorosho. Nilipigwa na butwaa. Jambo ambalo mama mtu alilililia hakupewa, pepo kapewa asubuhi moja! Siti akakaa pembeni na leso laini ndani ya sare. Ukelele ukaisha. Siti yule leo yuko Mombasa, ndiye anayepiga hesabu za majumba yasianguke, na ofisi yake ina zulia na mlango unaojifunga bila kishindo. Nasikia siku hizi ziko shule zenye walimu waliosomea watoto wa namna ile, na madaktari wana jina la hali ile. Sisi tulikuwa na Bi Mishi.

Mwaka jana nilikisimulia kisa hiki nyumbani kwake, mbele ya wanawe. Siti alisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Kaka, ile sauti nzito uliisikia wewe peke yako."

Basi na niseme. Sauti ya mzee wa Funzi niliitunga mimi. Jumapili yake niliisambaza uwanja mzima wa mpira, nikaiigiza kwa koo langu, na kabla ya usiku mpishi wa Mwalimu Kilonzo alikuwa ameshampelekea bwana wake habari pamoja na chakula. Lakini siku ile uani, Bi Mishi alipouliza "Wewe ni nani?", mtoto alijibu kwa sauti yake mwenyewe, imepwelea kwa kulia: "Mimi Siti." Bi Mishi akageuka akatuambia, pepo mjanja huyu, anajificha kwa jina la kiti chake.

Maneno mengine yote ni ya Siti, sikuongeza hata nukta. Masikio, meno, nguo, niacheni nisome. Na hayakuwa mapya. Alikuwa akiyasema tangu darasa la kwanza, kwa mama yake, kwa walimu. Mimi aliniambia pale pale dawatini, zaidi ya mara moja. Nilimwambia anyamaze kwanza, asogeze mkono nilione jibu la swali la nne.