Kemigisha Anakonda

Pale Kamuli, ukitaka watu wakuzike ungali hai, konda. Huna haja ya kukohoa wala kulala kitandani. Gauni likupwaye tu, mengine watamalizia wenyewe. Nawasema, lakini siwacheki. Mkoa wetu wa Kagera ulizika watu wengi katika miaka ile ya slimu, kama tulivyouita UKIMWI, na kila tuliyemzika alianza kwa kukonda. Aliyeyaona yale kwa macho yake huwezi kumwambia kwamba wembamba ni afya akaitikia amina.

Kemigisha aliyaona. Alizaliwa Isingiro kwenye familia ya wafugaji, na mama yake alipougua, yeye binti ndiye aliyekuwa akimwinua kutoka mkekani na kumpeleka juani. Mwishoni mama alikuwa mwepesi hata kumbeba hakukuhitaji msaada. Baadaye, Kemigisha alipochumbiwa, shangazi zake walimweka ndani wakamnywesha maziwa asubuhi, mchana na jioni. Bibi harusi mwembamba kwa wafugaji wa kule ni aibu ya nyumba nzima, watu watauliza ng'ombe wenu wanakamuliwa na nani. Akaolewa kwetu Kamuli na Elipidius, mkulima wa ndizi na kahawa, akaingia kwenye kibanja chake, shamba linalozunguka nyumba, akiwa amejaa hasa, na bwana harusi akapita kijijini kidevu juu kama aliyepata uwaziri. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaenda zao mijini. Kemigisha, ambaye sasa tulimwita Mama Atwine, akabaki na mwili wake, na sote tulikubali kwamba ule ndio mwili wa mwanamke anayetunzwa.

Kisha dada yake Kampire, aliyeolewa Kaisho na aliyekuwa mnene kumpita, akaanguka kwenye shamba la maharage katikati ya kicheko. Upande mmoja wa mwili ukalala. Kesho yake akafa. Walisema ni presha.

Kemigisha alirudi kutoka mazikoni kichwa kikimgonga, akaenda zahanati, akasimulia yaliyompata dada yake. Muuguzi wa pale ni mama mmoja asiyejua kubembeleza. Alimfunga mpira wa presha mkononi, akaujaza upepo, akaangalia, akaujaza tena.

"Mama, dada yako alikuwa na umri gani?"

"Alinizidi miaka mitatu tu."

"Basi na wewe huna muda wa kuchezea. Dawa nakupa, lakini dawa peke yake haitoshi. Punguza mwili. Sahani yako nusu iwe mboga za majani, ndizi ziwe kidogo, maharage kidogo. Samli acha, soda acha, chumvi punguza. Na utembee kila siku, mwendo wa mtu aliyechelewa kanisani. Usijikondeshe kwa njaa. Taratibu tu, mwili utashuka." Alipokuwa akimpa dawa akaongeza, "Na tupime na virusi, tumalize yote."

"Siku nyingine," Kemigisha akajibu haraka, akaondoka.

Aliogopa. Sitaki kulipamba neno hilo. Unene ulimuua dada, ugonjwa wa kukonda ulimuua mama, na yeye ameambiwa akonde ili apone. Lakini picha ya Kampire amelala kwenye maharage, mdomo umekwenda upande, ilikuwa mbichi zaidi. Akaanza.

Chakula hakikumtesa kama nilivyodhani. Alipika ndizi na maharage kama siku zote, akampakulia mumewe sahani iliyojaa, yeye akajipakulia mchicha na nyanya chungu, na vipande vichache vya ndizi pembeni kama wageni waliochelewa. Kazi ilikuwa kutembea. Kwetu hakuna mtu mzima anayetembea bila sababu. Asubuhi ya kwanza hakufika hata kwenye kona ya shule kabla hajasimamishwa.

"Unakwenda wapi, Mama Atwine?"

"Natembea."

"Kuna msiba?"

Asubuhi iliyofuata akatoka na jembe begani. Mwenye jembe haulizwi. Alishuka mteremko hadi kijitoni, akapanda tena kwenye ukungu, akihema, jembe likimgonga mgongoni, na kila moyo ulipodunda kwa nguvu alisimama akijiuliza kama ndiyo saa yake. Haikuwa. Siku zikapita, kile kilima alichokipanda kwa vituo akawa anakipanda bila kusimama. Viatu vikalegea. Pete ikaanza kuzunguka kidoleni. Zahanati muuguzi akapima akasema presha imeshuka, endelea hivyo hivyo. Kemigisha alitoka pale akicheka peke yake njiani.

Kicheko hakikufika mbali. Siku moja anavaa mbele ya kioo, akaona mifupa ya chini ya shingo yake. Aliijua mifupa ile. Ilikuwa ya mama yake. Akakaa kitandani, akajiuliza swali ambalo tangu hapo halikumwacha: hivi ni mchicha na kilima ndivyo vinavyonikondesha, au ni ule ugonjwa, umekuja kwa wakati wake, na mimi naupigia makofi? Kupima hakupima. Angetaka kujua, zahanati iko pale pale. Lakini mwenye hofu hutafuta jibu kila mahali isipokuwa lilipo.

Na sisi hatukumsaidia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, tukawa tunalisema. Mtu mmoja mwenye macho makali aligundua kwamba jembe la Mama Atwine hurudi halina udongo, na hapo wengine wakadai anawanga. Wengi zaidi walisema anaumwa. Wifi yake Deodatha, dada wa Elipidius, jirani wa mgomba kwa mgomba, akaanza kuleta uji wa moto kwenye chupa na kuuliza kwa sauti ile laini ya wodini, "Umeamkaje leo, wifi?" Jumapili kanisani wakaombewa wagonjwa wetu, na jina la Kemigisha likatajwa. Alikuwa amekaa benchi la tatu. Aliinama juu ya kitabu cha nyimbo.

Habari ikafika Isingiro. Mdogo wake Muhwezi akaja na pikipiki, kibuyu cha maziwa kifuani na kopo la samli limefungwa nyuma.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Muhwezi. Karibu ndani."

Hakuingia. Alisimama akimtazama shingo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nimepunguza mwili. Ni ushauri wa zahanati. Natembea, nakula vizuri."

"Dada, ulipomuuguza mama mimi nilikuwa mdogo. Mlinificha. Nilikuja kuambiwa siku ya kuzika. Usinifanyie hivyo mara ya pili." Akamimina maziwa kikombe kikubwa, akampa kwa mikono miwili. "Kunywa."

Kukataa maziwa ya ndugu yako, kwa watu wa kwao, ni kumkana. Kemigisha akayanywa, akamrudishia kikombe. Muhwezi akakijaza tena.

"Kimoja kimenitosha, mdogo wangu."

"Kunywa, dada."

"Kimetosha."

Muhwezi akayamwaga yale maziwa kwenye majani, kitendo ambacho mfugaji hakifanyi ila akili imemruka, akapanda pikipiki yake bila kuaga. Kopo la samli lilibaki kizingitini. Kemigisha alilitazama hadi jua likapanda. Kuna wakati pale alitaka kulila lote kwa kijiko, arudi kuwa yule mwanamke ambaye hakuna mtu aliyemwogopa.

Lililomuumiza kuliko yote ni Elipidius. Mume huyu mcheshi alikuwa amenyamaza. Sahani yake iliyojaa alikuwa akiisukuma nusu. Akawa mtu wa kunywa tu, leo maji, kesho mramba, ile juisi yetu ya ndizi mbivu; alisema inamrudishia nguvu, akimaliza kibuyu anataka kingine. Alilala vibaya, akitoka nje mara kwa mara. Kemigisha alimsikia akitoka, naye akajifunika uso, akijua kwa hakika kwamba mumewe hawezi tena kulala karibu na maiti.

Asubuhi moja anapanda kutoka kijitoni, ukungu haujaondoka, akasikia panga likifanya kazi kwenye kibanja chao. Si upande wa kahawa. Lilikuwa nyuma ya nyumba, walikolala baba na mama wa Elipidius chini ya misalaba yao, maana huku tunazikana nyumbani, kati ya migomba yetu. Akasogea. Elipidius alikuwa amevua shati, anasafisha kando ya kaburi la mama yake. Alikuwa ameangusha migomba yenye mikungu michanga. Mnyambo, mtu wa kabila letu, haangushi mgomba wenye mkungu mchanga. Hata ukimlewesha haangushi.

Jembe likamteleza Kemigisha begani.

"Baba Atwine, unafanya nini?"

Alishtuka. Akaangalia panga lake kana kwamba limekuja lenyewe. "Nasafisha."

"Unamsafishia nani?"

Elipidius akachomeka panga ardhini. Maji ya ukungu yalikuwa yakidondoka kwenye majani ya migomba.

"Sema tu. Kwa hiyo umeshanizika. Siyo Deodatha, siyo watu wa kanisani. Wewe!"

"Nimesafisha pa wawili," Elipidius akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Mama Atwine, kama unao wewe, ninao na mimi. Sikuulizi uliupata wapi, pengine ni mimi niliyekuletea. Mimi pia nakonda. Hujaona?"

Hakuwa ameona. Hapo ndipo alipomtazama. Mbavu zilihesabika. Mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na bado suruali ilikuwa ikishuka. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Kijiji kizima tulikuwa tumemkodolea macho mke, na mume alikuwa akiyeyuka kando yake mchana kweupe.

"Vaa shati," Kemigisha akasema. "Twende tukapime. Leo. Sasa hivi."

"Tukijua itasaidia nini?"

"Vaa shati, baba. Naogopa kuliko wewe. Vaa."

Zahanati walikaa kwenye benchi wameshikana mikono, jambo ambalo watu wa umri wao hawalifanyi hadharani. Muuguzi akawatoboa vidole, akawaacha wasubiri. Aliporudi hakuzunguka. "Hakuna mwenye virusi hapa. Si baba, si mama."

Kemigisha akalia kwa sauti bila aibu yoyote. Miezi yote ile ya hofu! Kumbe ni kilima tu, na mchicha. Elipidius akacheka, akampiga bega, akaomba maji ya kunywa. Akamaliza kikombe. Akaomba kingine.

Muuguzi alikuwa ameacha kuandika. "Baba, una kiu hivi tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo. Ni joto."

"Hakuna joto leo. Unakwenda haja ndogo mara ngapi?"

Elipidius akamwangalia mkewe. Muuguzi hakusubiri jibu, akamtoboa kidole kingine, akaweka tone kwenye kimashine kidogo. Kikalia. Hakikutoa namba. Akarudia, kikakataa tena. Akasema taratibu, na ile taratibu yake ndiyo iliyomtisha Kemigisha, "Sukari imepita mahali ambapo mashine hii inaweza kusoma. Mama, tafuta gari. Aende hospitali ya wilaya bila kupitia nyumbani."

Elipidius alikaa huko siku ambazo Kemigisha hakuoga wala kulala. Aliwaza kibuyu baada ya kibuyu cha mramba, na kila kimoja alikuwa amempa mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Akarudi naye akiwa hai, na sindano za kuchoma, na maneno ya daktari ambayo alikuwa anayajua tayari kwa moyo: mboga nyingi, ndizi kidogo, vitamu acha, na nguvu zikirudi, atembee.

Jioni ile ile Deodatha akaja. Alikuwa na chungu cha ndizi zilizopikwa kwa samli, harufu ikafika mlangoni kabla yake, na mkono wa pili mramba, ili kaka yake arudishe mwili. Kemigisha akasimama mlangoni.

"Wifi, chungu hicho hakiingii."

"Nimesikia vibaya?"

"Hakiingii. Wala huo mramba. Vitamuua."

"Umejikondesha mwenyewe tumekunyamazia!" Deodatha alifoka kwa hasira, na nadhani kwa woga pia. "Sasa unamnyima chakula kaka yangu, ndani ya nyumba ya baba yangu? Unataka nini, Kemigisha? Unataka azikwe mifupa?"

Majirani walikuwa wameshatoka nje kusikiliza. Nilikuwemo. Kemigisha alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, na hakusogea. Nyuma yake Elipidius akaja akijikokota, sahani mkononi. Majani ya maboga, maharage, vipande vichache vya ndizi. Akakaa kizingitini, miguuni pa mkewe, akaanza kula mbele ya dada yake. Alikula polepole, hakuacha kitu.

"Dada," akasema alipomaliza, "kesho kutwa nitaanza kutembea naye. Mpaka shuleni tu, kwanza. Mkituona msituulize kuna msiba wapi."

Deodatha akaweka chungu chini. Akamtazama kaka yake mabega, mikono, ule mkanda wenye tundu la msumari, akaketi kwenye udongo, mikono kichwani, na kikamtoka kile kilio chetu kirefu cha matanga ambacho kikianza nyumba za jirani nazo hupokea. Mwanamke mmoja upande wa pili wa uzio alikuwa tayari amefungua kinywa.

"Nyamaza, wifi!" Kemigisha akapaza sauti. "Nyamazeni wote. Hapa hajafa mtu."

Akalirudia kwa sauti kubwa zaidi, ingawa wakati huo tulikuwa tumeshanyamaza, na hakuwa akitutazama sisi; alikuwa akitazama kando ya nyumba, kuelekea kule palipoangushwa migomba.