Goli la Kibla, Goli la Kusini

Baba yangu alianza kazi ya redio siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, na kazi aliyopewa ilikuwa kubeba betri. Si hizi ndogo za tochi. Zile zilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, zina asidi ndani, na asidi ilimtoboa shati kabla ya adhuhuri. Fundi Mkuu, Mhindi Mwislamu wa Ithnaasheri, alilitazama lile shati akamwambia, "Likazike nyumbani kama kitovu. Wewe leo umezaliwa redioni."

Haya ananisimulia mwenyewe, ila si kwa mdomo. Baba hana sauti tena. Amelala wodini, anaandika kwa chaki kwenye kibao cha mdogo wangu, mie nasoma, anafuta kwa kiganja, anaandika tena. Anataka vijana watakaoishika kazi hii wajue ilikuwaje. Amenichagua mie kwa sababu nimefika sekondari, na kwa sababu, aliandika, "mdomo wako mzito, kalamu yako nyepesi." Ni kweli. Mgeni akija kwetu Temeke, mie huwa nyuma ya pazia.

Kutoka kwenye betri akapandishwa kuwa mvuta waya, yaani mtu wa kuutandaza waya kutoka kiwanjani mpaka kwenye simu, ili sauti ifike kituoni. Ng'ombe akiukanyaga, mechi imekwisha. Baadaye akawa msoma matokeo, akapelekwa Tanga, akarudi. Hapo ndipo alipowekwa chini ya Mkuu wa Michezo.

Huyu alikuwa Mwairishi, na ole wako umwite Mwingereza. "Hao wametutawala sisi kabla yenu," alikuwa akimwambia baba kwa Kiingereza, sauti chini, maana Bwana Mkubwa wa kituo alikuwa Mwingereza na ofisi yake ilikuwa mlango wa pili. Kwao alikuwa ametangaza miaka mingi mchezo wao wa magongo, ambao baba anasema kwa alivyoelezwa ni ugomvi wenye refa. Alimfundisha baba mambo ambayo hayakuandikwa popote. Kipaza sauti kikae ngumi moja kutoka mdomoni. Ukikisogelea unakimeza, ukikaa mbali unaimba chooni. Taa nyekundu ikiwaka uko hewani, na hata kikohozi chako ni cha nchi nzima. Na zaidi ya yote: msikilizaji hana macho, mpe kiwanja kabla hujampa mpira.

Kumpa kiwanja kulikuwa na karatasi yake. Kiwanja kimegawanywa vyumba vyenye namba, na mtangazaji anataja mpira uko chumba gani. Baba akatangaza mechi yake ya kwanza hivyo: mpira namba nne, mpira namba saba. Jioni akapita barazani kwa Mzee Salehe, fundi cherehani mwenye redio pekee mtaani kwetu. Watu wamenuna.

"Shikamoo, Mzee Salehe."

"Marahaba. Leo umetusomesha hesabu, mwanangu. Na mpira ulichezwa?"

"Si nimetangaza mwanzo mpaka mwisho?"

"Sie tumesikia namba tu. Hebu niambie, nyumba yako namba ngapi? Hujui. Lakini mgeni nikimwambia iko upande wa kibla wa kisima, anafika amefumba macho."

Baba akalipeleka neno hilo kwa Mkuu wa Michezo.

"Kibla ndiyo nini?"

"Ndiko tunakoelekea tukisali, bwana. Kwa hapa ni kaskazini. Kila mtu anajua iliko, hata gizani. Hata chooni anajua, asije akachuchumaa akiielekea."

"Kweli kabisa," Fundi Mkuu akadakia huku akipangusa betri. "Mie choo changu nimekijenga mara mbili."

Mkuu wa Michezo alicheka mpaka akavua miwani. Akaichana ile karatasi. Tangu siku hiyo kiwanja kikawa na goli la kibla na goli la kusini, upande wa bahari na upande wa bara, na Temeke nzima ikauona mpira.

Sasa niandike lililobaki.

Sauti ilianza kuharibika taratibu, na aliyeisikia kwanza alikuwa Mkuu wa Michezo. "Sauti yako ina mchanga," alimwambia. Mama akapika tangawizi, akatafuta asali. Mchanga ukawa changarawe. Daktari alisema ni uvimbe mbaya kooni, zoloto litakatwa, sauti itakwenda nalo. Na akichelewa atakwenda mwenyewe. Ilikuwa wiki ya kabla ya fainali. Baba akaomba asubiriwe mpaka ichezwe.

"Mpira ndio utakaokuosha na kukuzika?" mama alimuuliza.

"Nataka nimalize taa ikiwa inawaka," baba akajibu. Alikuwa ananong'ona tayari.

Bwana Mkubwa alikwishaagiza mtu mwingine atangaze. Mkuu wa Michezo akamwingiza baba kwenye kibanda cha kutangazia hivyo hivyo, akakaa kando yake.

Mie nilisikilizia nyuma ya mlango wa Mzee Salehe, baraza imejaa mpaka barabarani. Kipindi cha kwanza baba alikwenda vizuri, kwa kukwaruza. Kipindi cha pili, mpira ukiwa upande wa bara, akasema "anageuka…" na hakusema tena. Redio ikanyamaza. Mtu akaipiga kofi. Ndipo ikatoka sauti nyingine, ya Mzungu, Kiswahili cha kuagizia chai:

"Mpira… kibla! Kibla, kibla… bahari! Tena bahari! Mrefu yeye piga… ah! Kusini. Yeye anguka. Yeye simama! Kibla! Kibla! Goli! Goli la kibla, jamani!"

Baraza ililipuka. "Mzungu kasilimu!" mmoja akapiga kelele, wakashikana mbavu. Mzee Salehe akainua mkono wenye tepe ya kupimia.

"Nyamazeni. Mwenye sauti yake yuko wapi?"

Wakaisogelea redio. Mwairishi akamalizia mechi nzima kwa maneno yale machache, na wote walijua mpira ulipo. Mie nilikuwa nimeung'ata mtandio. Baba aliletwa nyumbani na leso yenye damu.

Alikatwa. Sasa anapumulia kwenye tundu shingoni, na inzi tunawafukuza kwa zamu. Mkuu wa Michezo aliitwa mlango wa pili. "Umeigeuza redio ya serikali kuwa baraza la kahawa," Bwana Mkubwa alimwambia, na akapewa meli ya kurudia kwao.

Mama anaamini siku zile za kusubiri ndizo zilizomponza baba, kwa sababu uvimbe umeonekana tena, chini zaidi. Nilimuuliza baba. Akakifuta kibao kwa kiganja. Kisha akaandika ya vijana: wasipige kelele zote kwenye goli la kwanza. Wasiogope kimya kifupi, waogope kirefu. Nikamuuliza anakumbuka nini zaidi. "Uzito wa betri," akaandika.

Jana Mkuu wa Michezo alikuja kuaga. Alisimama kofia mkononi, hajui pa kuiweka.

"Mzee," alimwambia baba, ingawa yeye ndiye mkubwa, "kesho mimi meli. Kwetu pia kibla, siyo?"

Baba akatikisa kichwa kukubali, akamwonyesha njia kwa kidevu. Mwairishi akaangalia dirishani, akatoka bila kuvaa kofia.

Leo asubuhi nimefika mapema. Kitanda cha baba kiko chini ya dirisha, lakini hawezi kuinua shingo. Honi ilipolia bandarini akachukua kibao: "Tangaza."

Wodi imejaa wanaume wagonjwa. Nikasimama dirishani, nikakunja ngumi, nikaiweka mbele ya mdomo kupima pa kukaa kipaza sauti.

"Meli inatoka mlango wa bandari," nikasema. "Iko upande wa bahari. Polepole… sasa inageuka."

"Binti, sema kwa nguvu!" mzee wa kitanda cha mwisho akafoka. "Huku hatusikii!"

Nikapaza sauti. "Kibla! Inaelekea kibla!"

Baba alikuwa amefumba macho, anaitazama.