Niliwaambia Wayafute Maneno Yangu

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta mwingine wa kulaumu. Si wataalamu wa Nairobi waliokosea. Si kompyuta. Wala si ndugu yangu, ingawa ndiye aliyelipa. Ni mimi, kwa mdomo wangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Lakini usidhani nimekuja hapa kulia. Yapo ninayoyajutia, na yapo ambayo hata kesho ningeyarudia.

Niliacha shule darasa la saba. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata, nikabaki na wadogo zangu watatu katika chumba kimoja cha kukodi Ruiru. Watu wa ukoo walikuja wakataka kutugawa, mmoja huku, mwingine kule, kama vyombo vya marehemu. Nikakataa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikawaambia watu wazima kwamba humu ndani hatoki mtu. Hilo ni mojawapo ya yale ningeyarudia.

Nikapata kazi katika kampuni ya kuangua vifaranga, kando ya barabara ya kwenda Thika. Nilianza kwa kuosha trei za mayai. Unazisugua kwa maji ya dawa mpaka ngozi ya vidole inachubuka. Baadaye nikapelekwa kubeba makasha ya vifaranga mpaka kwa wateja mlangoni, na hapo ndipo nilipowajua watu. Karani wa kaunta alipoondoka, Mzee, yaani mwenye kampuni, akanipa daftari la maagizo. Alisema hajali nimefika darasa la ngapi, mradi kila mtu apate vifaranga wake.

Kuna jambo lazima nikueleze hapa. Huku kwetu mtoto hapewi jina kwa kupenda. Kijana wa kwanza huitwa babu yake mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Majina yale yale yanazunguka kizazi hadi kizazi. Wanjiru Njoroge peke yake nilikuwa nao watano! Sanduku la posta halikusaidia, kwa sababu watano wote walitumia la kanisa moja. Kwa hivyo kando ya kila jina niliandika maneno yangu. Mwenye kisima, Murera. Anayecheka sana, Mugutha. Mrefu. Wa kwa daraja. Aliyeolewa mara mbili. Nikiyaona maneno hayo, naiona sura.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Mzee alinunua kompyuta. Wakati huo ndugu yangu anayenifuata, Kariuki, alikuwa amemaliza chuo cha kompyuta pale Thika, chuo nilichomsomesha kwa trei zile zile. Mzee akamwajiri. Kariuki akaliingiza daftari langu lote ndani ya mashine, na maneno yangu akayatengea safu yao mwishoni.

“Mathe,” aliniambia, maana ndivyo wadogo zangu walivyoniita, kama vijana wanavyomwita mama, “bila haya maneno yako mashine hii ni kipofu.”

Tulifanya kazi hivyo miaka mitatu, mimi kaunta, yeye ndani, na hakuna kasha hata moja lililopotea.

Halafu siku moja Mzee akarudi kutoka mkutano wa wafanyabiashara, akatukusanya. Alisema kampuni zinazoendelea haziajiri tena watu wa kompyuta. Zinakodi wataalamu kutoka nje, wanakuja na ujuzi wao, kazi ikiisha wanakwenda.

“Sisi tunafuga kuku,” alisema. “Hatufugi kompyuta.”

Watu wakacheka. Njeri, mmoja wa wapakiaji, akanisogelea akasema ndugu yangu wa suruali za pasi sasa atakuja kuosha trei pamoja nao, na akija wamwazime aproni. Kariuki mwenyewe hakuonekana kusumbuka. Wataalamu walipofika, aliwaonyesha kila kitu, akawafungulia kila kabati. Usiku ule niliposema anawapa kisu wamchinjie, alinijibu kwamba wanajua kazi kuliko yeye na anataka kujifunza. Nikamwona mjinga. Sikumuuliza Mzee ana mpango gani naye, wala sikuwauliza wataalamu. Niliamua peke yangu kwamba ndugu yangu anatupwa.

Mkuu wao alikuwa mama mmoja, Madam Akinyi. Nilitaka awe na dharau ili nimchukie vizuri. Hakuwa nayo. Siku Kariuki alipotumwa Thika kununua utepe wa mashine ya kuchapia, yule mama alikuja kaunta na karatasi zake, akakaa juu ya kasha tupu, akaniamkia kwanza.

“Mama, hii safu ya mwisho,” alisema. “Mwenye kisima. Anayecheka sana. Ina kazi yoyote?”

Nilimtazama. Niliujua ukweli wote. Ulikuwa kwenye ulimi.

“Ni mambo yangu tu ya kujichekesha,” nikasema.

“Kwa hivyo tukiitoa, hakuna kitakachoharibika?”

“Futeni.”

Aliuliza mara mbili, unaona? Mara mbili! Hakuna wa kusema hakuuliza.

Jioni Kariuki aliporudi, akaniuliza kama nimewaeleza wale wataalamu maana ya maneno yangu. Nikasema nimewaeleza. Akaamini, kwa sababu tangu mama alipozikwa neno langu ndilo alilokuwa akiliamini.

Nilichotaka ni kitu kidogo. Nilitaka Alhamisi moja, siku ya kutoa vifaranga, mambo yavurugike pale kaunta. Wateja wapige kelele, Mzee aone aibu, wataalamu wafukuzwe, Kariuki arudi kwenye kiti chake. Hesabu yangu iliishia hapo. Mimi niliyebeba vifaranga miaka yote ile nilisahau kwamba kifaranga wa siku moja hangojei watu wamalize kugombana.

Alhamisi ile ilikuwa Julai, na Julai ya Ruiru unaijua, ukungu na baridi mpaka saa sita. Orodha ikatoka safi, imenyooka, ya kupendeza. Mashine ilikuwa imekuta wanawake watano wa jina moja na sanduku moja la posta, ikahesabu ni mwanamke mmoja aliyeagiza mara tano. Makasha yote matano yakaandikiwa Mugutha. Dereva naye alikuwa wa kukodi, hakumjua mteja yeyote.

Na mimi nilikuwepo. Nilisimama mlangoni nikayaona makasha matano yakipakiwa kwenye pikapu, vifaranga mia tano wakilia ndani. Ningeweza kusema neno moja. Nikashika fremu ya mlango nikanyamaza. Hilo silirudii, hata nikipewa nini.

Saa nane akaja Wanjiru wa Murera, mwenye kisima, kwa miguu. Alikuwa amewasha jiko kwenye kibanda tangu alfajiri akingoja vifaranga wake. Mzee akatupakia kwenye gari lake, mimi na yeye, tukaenda Mugutha.

Yule anayecheka sana hakuwa anacheka. Kibanda chake kilikuwa cha vifaranga mia, jiko moja. Mia tano walipoingizwa mle wakasongamana wakitafuta joto, wakapandana, wa juu wakawafinya wa chini. Tulimkuta amepiga magoti anawatenganisha, waliokufa anawatia kwenye karai. Karai lilikuwa limejaa, na pembeni kulikuwa na lingine.

“Nilidhani kuna kosa,” alimwambia Mzee, “lakini dereva alikuwa ameshaondoka. Nikaogopa kuwatembeza njiani na baridi hii.”

Wanjiru wa Murera aliinama akaokota kifaranga mmoja kutoka kwenye karai, akamfumbata mkononi kana kwamba bado angeweza kumpasha moto.

“Hawa ndio wangu?” akaniuliza.

Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwajua watu.

Asubuhi iliyofuata Mzee alituita ofisini, mimi, Kariuki na Madam Akinyi. Yule mama akasema wazi kwamba aliuliza juu ya safu ile kabla ya kuifuta, na akaambiwa haina kazi. Mzee akauliza nani alisema hivyo. Madam Akinyi akanigeukia.

Nikasema sikumbuki kuulizwa.

Kariuki alinitazama. Nilimwona akielewa. Nilimwona anaipanga yote kichwani, kuanzia jioni ile aliyoniuliza. Kisha akamgeukia Mzee.

“Ni mimi,” akasema. “Mimi ndiye niliyemwambia dada maneno yale hayana kazi tena. Alijibu alivyoambiwa.”

Madam Akinyi alikusanya karatasi zake. Akafungua mkoba wake akatoa bahasha, akaiweka mezani bila kuifungua. Alisema ilikuwa barua ya kumchukua Kariuki kazini, kwake Nairobi. Alimtaka tangu wiki ya kwanza, na Mzee alijua, ila walikuwa wakingoja Alhamisi ya kwanza ipite salama. Kisha akairudisha bahasha mkobani.

“Siwezi kumchukua mtu asiyejua kilicho ndani ya orodha yake mwenyewe,” alisema, na wala hakusema kwa ubaya.

Ungedhani hapo ndipo nilipofungua mdomo. Sikufungua! Ndugu yangu akatoka nje akiwa amebeba kosa langu.

Kazi ikamwisha siku hiyo hiyo, akaenda kuchonga mawe kwenye machimbo ya Juja. Siku nane hakuniambia neno. Alikula alichopikiwa, akaosha sahani yake, akalala. Wadogo zetu wawili wakauliza kuna nini, akawaambia Mathe amechoka, wamwache. Afadhali angenipiga.

Siku ya tisa niliingia ofisini kwa Mzee bila kubisha, Madam Akinyi yumo, nikayasema yote. Nilisema kila uongo kwa mpangilio wake, ule wa kaunta, ule wa jioni, ule wa ofisini. Mzee akaniambia nivue aproni niende. Nilikuwa nimeshaanza kuifungua kamba.

Madam Akinyi ndiye aliyemzuia. Alimuuliza, nikienda, wale watu wenye majina sawa nani atawatenganisha. Disketi za zamani zilikuwa zimeshaandikiwa orodha mpya juu yake. Madaftari yangu yalichanwa kitambo kufungia mayai. Maneno yote yalibaki mahali pamoja tu, kichwani mwangu.

Basi hapo, nikiwa mkosaji, kamba ya aproni mkononi, nikaweka sharti.

“Nitayasema yote,” nikasema. “Lakini anayechapa ni Kariuki. Akikaa mwingine hapo, simjui mteja hata mmoja.”

Mzee alipandwa na hasira mpaka akasimama. Madam Akinyi ndiye aliyecheka.

“Mama, wewe ni mgumu,” akasema.

Akampa Kariuki kazi ya wiki tatu, si zaidi. Nafasi ya Nairobi alikuwa ameshampa mtu mwingine, na hilo halikurudi. Nisikudanganye kwamba lilirudi. Ilichukua mwaka mzima mpaka Kariuki akapata kazi ya kompyuta mahali pengine Thika, kwa juhudi zake mwenyewe. Mimi nilirudishwa kwenye trei, na Njeri akaniazima aproni kweli. Nilizisugua mpaka kitinda mimba wetu alipomaliza shule. Sioni haya. Nilipata nilichostahili na nikaendelea kulisha watu.

Na bado nasema Mzee alikosea kuleta wageni bila kutuambia kila mmoja wetu anakwenda wapi. Mtu mwenye wadogo nyumbani haachwi gizani hivyo. Nilimwambia usoni, na leo nakwambia wewe. Nilikuwa na haki ya kugomba. Nilipaswa kugomba, waziwazi, kwa sauti. Badala yake nilidanganya kwa upole.

Wiki zile tatu tulikaa chumba kimoja, mimi nasema, yeye anachapa. Hakuniita Mathe. Kila nilipomaliza jina, alisema “mwingine”, basi. Wanjiru wa Murera, mwenye kisima. Mwingine. Wanjiru wa Mugutha. Hapo nilisita kabla ya kusema anacheka sana. Naye alisita, kisha akachapa.

Siku ya mwisho tukafika kwenye jina langu. Nami niliwahi kuagiza vifaranga kumi mwaka fulani, na jina langu, ambalo sikutajii, lilikuwa na watu watatu. Niliwataja wale wawili. Kwangu nikasema tu, “na mimi.” Kariuki hakungoja. Akachapa mwenyewe, akageuza kioo cha mashine kidogo ili nisome.

Aliyenilea. Aulizwe mara tatu.

Basi wewe uliyeletewa wageni kazini kwako, waulize, gombana nao, wawekee masharti, usikubali kusukumwa kimyakimya. Ila wakikuuliza unachokijua, waambie. Anayekuja kulipa huenda ndiye uliyekuwa unamtetea.

Kariuki siku hizi ananiita Mathe tena. Lakini nikimwambia chai ina sukari, bado ananiuliza mara tatu.